Injini za Highland Park na mafundi wa Gerezani

Tangu nihamie Michigan, ndugu zangu walioko Dar es Salaam huisifia Detroit kwa jambo moja tu, yaani mstari wa kuunganishia magari ulioanza kusogea mwaka 1913 katika kiwanda cha Ford cha Highland Park, mji uliozungukwa na Detroit. Kwa maoni yangu, sifa hiyo imepotea njia. Mstari ule usingesogea hata hatua moja kama kiwanda cha Ford kisingekuwa kimekwisha kupata njia ya kuchonga bloku (mwili wa injini wenye silinda ndani yake) za gari la Model T zinazofanana kabisa.

Bloku ilisubiwa, yaani ilitengenezwa kwa kumimina chuma kilichoyeyushwa, ikiwa na silinda zote nne pamoja, kisha ikafungwa kwenye mashine iliyotoboa matundu 45 kwa mkupuo mmoja kutoka pande nne. Mwendesha mashine hakupima wala kuchora alama, kwa kuwa jigi, yaani kifaa kinachoshika kipande na kuongoza keekee, ilikuwa imekwisha kuamua kila tundu likae wapi. Ndiyo maana kazi ya kuunganisha injini, ambayo awali ilikuwa ya mtu mmoja, iliweza kugawanywa katika hatua 84. Wafanyakazi walichoshwa na kazi ya namna hiyo wakawa wanaacha, hadi Januari 1914 Ford akatangaza ujira wa dola 5 kwa siku.

Gerezani, mtaa wa mafundi wa magari jijini Dar es Salaam, mambo ni kinyume. Fundi anayekarabati injini hufunga kepu za beringi zinazoshikilia krenki (mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini), huizungusha kwa mkono, na akihisi inakaza mahali hufungua na kuanza upya. Huku ninakoishi, gereji nyingi haziingii katika usumbufu huo. Injini ikifa huwekwa nyingine. Sikatai kwamba mteja wa huku hasubiri sana (wa Gerezani anajua habari za "njoo kesho"), lakini wanaomwona fundi wetu kuwa mabaki ya zamani wanasahau kwamba jigi za Highland Park zilitengenezwa na mafundi stadi, wenye mikono kama yake, ili wasio na ujuzi waweze kuzitumia.

Kwa hiyo, tunapozungumzia kiwanda cha magari nyumbani, naona ni kosa kuanza na kuunganisha vipande vilivyoletwa kwa meli. Fedha zianzie Hai, Kilimanjaro, ambako tayari tulijenga kiwanda cha kutengeneza mashine za kuchongea chuma, na chumba cha kuundia jigi wakabidhiwe vijana waliofunzwa Gerezani.