Julai 2015 Lindi tulishamuapisha Membe

Kuna watu mpaka leo wanatucheka sisi wa Lindi eti 2015 tulikula Idi kabla mwezi haujaandama. Mi nawajibu kila siku, nyie hamjawahi kuwa na mtu wenu kwenye tano bora ya wanaowania kugombea urais kwa CCM ndo maana mnaongea. Ule utamu ulikuwa halali yetu kabisa na kesho akitokea mwingine wa huku nafurahi vilevile.

Kwa waliokuwa wadogo kipindi hicho: Kikwete anamaliza muda wake, CCM wamefungua pazia, watu 42 wamechukua fomu na 38 wamerudisha. Humo ndani kuna makamu wa rais, waziri mkuu aliyeko madarakani, wengine wawili waliomtangulia, jaji mkuu mstaafu, mawaziri usiseme, na wengine ambao hata mtaani kwao walishangaa kusikia wametia nia. Na kwenye msururu huo yumo Bernard Membe, mtoto wa Rondo, mbunge wa Mtama, waziri wa mambo ya nje tangu 2007. Wenzetu wa Mtwara walikuwa wametulia tu na msemo wao wa "Mtwara kuchele", si washaonja, Mkapa wa Lupaso kakaa Ikulu miaka 10. Lindi je? Maana mtu akikwambia "kusini mlishapata" anamaanisha huyo Mkapa wa Masasi, Mtwara, sio sisi, tuelewane hapo.

Na ilikuwa Ramadhani, kwaiyo watu wanakesha hata bila siasa. Tarawehe ikiisha vijiwe vya kahawa vinafurika, mtu hajui hata katibu kata wake anaitwa nani lakini anakuchambulia Kamati Kuu inakata vipi, NEC, yaani Halmashauri Kuu ya chama, inapigaje kura, wajumbe wa mkutano mkuu wa mkoa gani wameshaahidiwa nini. Mzee wetu muuza kahawa yeye aliwapanga wagombea kwa vikombe kwenye sinia, cha Lowassa, yule waziri mkuu wa zamani, katikati, cha Membe ubavuni kwake, tetesi ikiingia kutoka Dodoma anasogeza, na ukitaka kunywa anakwambia subiri kijana hicho cha mgombea. Biashara ilikuwa inalala lakini hakujali!

Usiku wa kuamkia tarehe 11 Julai majina ya tano bora yakatoka. Membe, Magufuli, Asha-Rose Migiro, Amina Salum Ali, January Makamba. Lowassa hayumo. Jamani. Mzee akakipindua kile kikombe cha katikati pale pale, watu wakapiga kelele mpaka waliolala wakadhani daku limepita, jirani yetu mmoja akatoka na bakuli la tambi anasema kuleni wanangu, daku la rais hilo. Mpaka adhana ya alfajiri vyeo vilikuwa vishagawanywa, bandari imefufuliwa, bei ya korosho imepanda, na kuna mtu mjomba wake kashakuwa mkuu wa wilaya.

Hesabu ya kijiwe ilikuwa nyepesi tu, aliyekuwa anaogopwa katolewa, mkubwa aliyebaki ni wetu, sasa nani tena? Lakini kule Dodoma kulikuwa kunachemka, Nchimbi, Sophia Simba na Kimbisa wamejitokeza hadharani kujitenga na uamuzi wa Kamati Kuu ambayo wao wenyewe ni wajumbe wake, ukumbini watu wanaimba wana imani na Lowassa. Mi naona hapo ndo palipotumaliza. Mtu mwenye jeshi kubwa vile ukimkata, jeshi lake haliendi nyumbani, linabaki ukumbini na karatasi ya kura mkononi, na kura hiyo kila mtu anaweza kuipata isipokuwa yule waliyekuwa wanapambana naye tangu mwanzo, yaani Membe. NEC ikapiga kura, tatu bora ikawa Magufuli, Amina na Migiro. Tarehe 12 mkutano mkuu ukampa Magufuli kura 2,104, zaidi ya asilimia 87. Mzee alikusanya vikombe vyake akaanza kuuza kahawa kama kawaida, kukopa hakuna.

Wanaotucheka wanadhani tulikuwa tunampenda sana Membe. Wengine ndio, ila wengi, tuseme ukweli, tulikuwa tunapenda ukaribu na kiti. Kwa miaka ile uteuzi wa CCM ndo ulikuwa Ikulu yenyewe, Oktoba tunaenda kumalizia tu, ndo maana presha yote ilikuwa Julai. Angalia 2020, mtu yule yule, kashafukuzwa CCM, kagombea urais kwa ACT-Wazalendo, viongozi wa chama chake wenyewe wanamuunga mkono Lissu wa Chadema, na kura alizopata hazikufika hata asilimia 1. Huku nyumbani sikuona sinia wala kikombe, hata wale waliopiga kelele usiku ule walikuwa wanapita na kofia za kijani kana kwamba jina hilo hawajawahi kulisikia. Mimi hilo ndo linaniudhi, sio kule kukatwa. Kukatwa ni siasa, mwaka huo waliokatwa ni 37.

Mei 2023 alipofariki ndo wakarudi, barabara ya Rondo imejaa magari, kila mtu anajiita mtu wake wa karibu. Haya bwana.