Mvamizi wa Porti 5060
Seva yetu ya simu za intaneti ilikuwa na umri wa siku mbili tu nilipoamua kwamba imevamiwa. Porti 5060, mlango wa seva ambao SIP, itifaki ya kuunganisha simu za intaneti, huutumia kwa kawaida, inajulikana na kila anayependa kupiga simu kwa gharama ya mwenzake, na ukiiacha wazi kwenye intaneti wageni wasioalikwa hawachelewi kubisha hodi. Kwa hiyo nilipofungua logi, yaani kumbukumbu za seva, asubuhi hiyo na kukuta anwani moja ya IP ikijaribu kujisajili kila baada ya nusu dakika kwa nenosiri lisilo sahihi, sikushangaa. Kilichonitia baridi ni kwamba jamaa huyo hakuwa akibahatisha akaunti kama wenzake wafanyavyo, bali aling'ang'ania akaunti namba 104 peke yake, na 104 ilikuwa yangu.

"Huyu ananijua," nilimwambia mwenzangu wa meza ya pili. "Huyu ana kisa na mimi."

Kwanza nilitafuta kampuni inayomiliki anwani ile, nikaiandikia barua pepe ya malalamiko yenye aya nne, ambamo mvamizi nilimwita mhalifu aliyekubuhu na kuomba achukuliwe hatua kali bila huruma. Kisha nikaandika kwenye faiawali ya seva, yaani ukuta wake wa ulinzi, kanuni ya kumeza kila pakiti (kifurushi cha data) itokayo kwake, kwa porti zote, milele. Nilipobonyeza kitufe, dirisha nililokuwa nikilitumia kuiendesha seva kwa mbali likaganda papo hapo, na kila herufi niliyoiandika ikapotelea hewani.

"Amejibu mapigo!" nikasema, na nikiri kwamba nilisimama.

Saa tatu zilizofuata nilizitumia kumtafuta mchawi. Niliwasha programu ya kunasa pakiti kwenye kompyuta yangu, nikapiga simu ya majaribio, nikatazama ombi langu likiondoka: likarudiwa baada ya nusu sekunde, kisha baada ya sekunde moja, mbili, nne, nane na kumi na sita, jumla likatumwa mara saba, na ilipotimu sekunde ya 32 programu ya simu ikakata tamaa. Hapakuwa na jibu lolote, hata la kukataliwa. Mtu mwenye akili iliyotulia angejua kwamba mashine iliyo hai lakini yenye porti iliyofungwa kwa kawaida hukataa waziwazi, ilhali ukimya wa namna hii ni dalili ya faiawali inayomeza pakiti njiani. Mimi, niliyekuwa nimeiandika faiawali hiyo kwa mkono wangu, niliwasha upya ruta.

Mwenzangu alijaribu kuifikia porti kwa telnet, programu ya kuunganishia mashine kwa mbali, kupitia data ya simu yake, akajibiwa kwamba muunganisho umekataliwa. Nikatangaza kwa huzuni kwamba porti 5060 imefungwa na mvamizi. Ilimbidi anikumbushe, kwa upole ambao mpaka leo unaniuma, kwamba telnet hutumia TCP, njia moja ya kusafirisha data, nasi seva yetu tuliiweka isikilize njia nyingine, UDP, pekee. Kisha akapiga simu kwa data hiyo hiyo, na seva ikaitika mara moja.

"Ndugu, hebu nisomee ile anwani ya mvamizi wako."

Nilimsomea tarakimu moja baada ya nyingine. Naye, kwenye kompyuta yake ya ofisini, alikuwa amefungua ukurasa unaomwonyesha mtu anwani anayoonekana nayo kwenye intaneti, akawa anazifuata kwa ncha ya kalamu juu ya kioo. Kalamu ilifika mwisho bila kuruka hata tarakimu moja. Kompyuta yangu ilijijua kwa jina la 192.168.1.23, lakini huko nje ofisi nzima hutoka kupitia ruta moja na kuonekana kwa anwani moja. Nilikuwa nimewafungia watu wote nje ya seva yao, na mashine ya kuchapa pia, ingawa yenyewe haikuwahi kuomba simu.

Mvamizi mwenyewe tulimkuta kwenye mfuko wa suruali yangu. Siku ya kwanza niliweka programu ya simu kwenye simu yangu ya mkononi. Siku ya pili nikabadilisha nenosiri la 104 kwenye kompyuta na kuisahau simu, nayo ikaendelea kubisha kwa nenosiri la zamani, ikiwa na kidoa chekundu pembeni mwa jina langu.

Kanuni niliifuta kupitia data ya mwenzangu, na simu zikapita.

Siku mbili baadaye mkuu wetu aliniita. Mezani kwake palikuwa na barua kutoka kwa kampuni inayotuletea intaneti, ikiambatanishwa na malalamiko ya aya nne ambayo jina la mwandishi wake lilifichwa kwa ajili ya usalama wake, na ikitutaka tumtafute mhalifu aliyekubuhu aliyemo humu ofisini.

"Wewe ndiye unayezielewa seva," akasema. "Nataka umpate kabla ya Ijumaa."

Nilimjibu kwamba tayari nina fununu.