Simu ianze kazi kabla mama hajaruhusiwa

Mama wa mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wakati, akiruhusiwa hospitali, maelekezo yote humwangukia siku hiyohiyo. Baba anahangaika na makaratasi, bajaji inasubiri getini, na mama aliyekesha wodini anaitikia "ndiyo sista" kwa kila anachoambiwa. Akifika Bahi au Mpwapwa, huku Dodoma, mengi yameshamtoka.

Hapa simu ingetufaa sana, na wala si lazima tuanze na programu mpya. Wazazi Nipendeni, huduma ya ujumbe wa simu kwa wajawazito na wazazi iliyozinduliwa mwaka 2012, ilituma ujumbe bure kupitia namba 15001 hata kwa mwenye kitochi. Ila ujumbe wa wote haumtoshi mama wa njiti. Natamani muuguzi amrekodi mama mwenyewe, kwa simu ya mama, siku kadhaa kabla ya kuondoka: amempakata mtoto akiwa wima kidogo, kikombe kimegusa mdomo wa chini, maziwa yamefika ukingoni na mtoto anayalamba mwenyewe bila kumiminiwa. Sauti ya sista isikike ikimrekebisha, kwa Kigogo kama ndicho kinachozungumzwa nyumbani. Mwenye kitochi, arekodiwe kwenye simu ya ndugu anayeishi naye.

Video hiyo itamsaidia zaidi mbele ya mama mkwe. Nyumbani bibi ndiye mwenye kauli; akiona mtoto kafungwa kifuani kwa khanga atasema anaumizwa, na atataka apewe maji. Mkwe hawezi kubishana naye. Amwonyeshe sista akieleza. Tena bibi na baba wanahitajika: Shirika la Afya Duniani linapendekeza kangaruu, yaani huko kumfunga mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, kwa saa 8 hadi 24 kila siku, na baridi ya Dodoma ya Juni na Julai haimsubiri mama apumzike. Wapokezane.

Simu hiyohiyo ihesabu pumzi. Mtoto ametulia, weka dakika moja kamili, tazama tumbo likipanda na kushuka. Zikifika 60 au zaidi, rudia kuhesabu. Zikibaki hivyo, hospitali. Akigoma kunyonya, akipata degedege au mwili ukiwa wa baridi, nenda usiku huohuo, usikae kungoja jibu la WhatsApp.

Najua wauguzi wamelemewa, na wengi tayari wanapokea simu za wazazi kwa namba zao binafsi. Hilo si haki. Wodi ya watoto wachanga ipewe simu yake, vocha yake, na mtu wa zamu wa kuipokea saa nane za usiku.