Uhaba si dayati, jamani

Kuna video inazunguka kwenye magrupu ya familia, na nimetumiwa na watu ambao kawaida nawaheshimu. Dada mmoja ameshika glasi ya juisi ya kijani, anatuambia kwamba wazee wetu wa enzi za vita ya Kagera hawakujua kisukari wala presha. Siri yao eti ni kwamba sukari haikuwepo, mafuta hayakuwepo, petroli haikuwepo, basi watu walikula kidogo na kutembea sana. "Turudi kule," anasema. Chini ya video kuna namba ya kulipia programu yake.

Rudi wewe.

Mama yangu alikuwa mwanafunzi Tabora miaka ile. Mwalimu Nyerere alihutubia taifa tarehe 2 Novemba 1978 kuhusu Idi Amin wa Uganda: uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Watu walitoa ng'ombe, mahindi na fedha, na walitoa kwa moyo. Hilo silibishii. Aprili 11 mwaka uliofuata Kampala ikatekwa. Kisha tukaambiwa tufunge mikanda kwa miezi 18. Mama hupenda kuuliza ni nani aliyetangaza kwamba miezi hiyo imekwisha, maana yeye tangazo hilo hakulisikia.

Ukimwomba asimulie, haanzi na njaa. Anaanza na sabuni. Siku bibi alipofanikiwa kupata mche mmoja kwenye duka la ushirika, baada ya foleni ambayo watu waliishikia nafasi kwa kuacha mawe, mche ule haukutumika siku hiyo. Bibi aliulaza juu ya ubao, akavuta uzi katikati yake, akatoa vipande, akavianika vikauke vizuri ili visiyeyuke upesi kwenye maji. Kimoja cha kuogea, kimoja cha sare za shule, na kimoja kikafungwa kwenye kitambaa na kuwekwa sandukuni kumsubiri mgeni au mtoto mchanga. Vikiisha, watoto wanatumwa kuchuma majani ya mpapai. Unayafikicha, yanatoa povu la kukutania tu, shati jeupe linabaki na ukijani wa kuudhi. Upele ukaingia ndani ya nyumba ile ukakaa. Walijikuna usiku kucha, mmoja akipona mwingine anaanza, na mpaka leo mama ana makovu katikati ya vidole. Uchungu wenyewe ni kwamba miaka mitano tu kabla ya vita, mwaka 1973, nchi nzima ilikuwa imekaa kwenye vikundi kusikiliza redio ya "Mtu ni Afya", ikichimba vyoo na kufundishwa usafi. Somo watu walilijua. Wangenawa na nini?

Sasa najua yule dada ana silaha yake, kwa sababu ameitaja kwenye video: Waingereza. Na hapa, kwa shingo upande, namkubalia nusu. Ni kweli kwamba mwaka 2024 jarida la Science lilichapisha utafiti kuhusu watu waliotungwa mimba na kukulia utotoni wakati sukari ikigawiwa kwa kipimo kule Uingereza, mgawo uliokoma Septemba 1953. Waliopita siku zao 1,000 za mwanzo chini ya kipimo kile walikuwa na hatari ndogo ya kisukari ukubwani kwa takriban asilimia 35, na presha kwa takriban asilimia 20. Si jambo dogo.

Lakini angemalizia hadithi. Mgawo ule ulianza Januari 1940 na nyama ya nguruwe, siagi na sukari, na mtu mzima alikuwa na haki ya gramu kama 227 za sukari kila wiki. Nyumba ya watu sita, hiyo ni kilo moja na robo na zaidi, wiki hadi wiki, vita ikiwa imepamba moto na nyambizi za Wajerumani zikizamisha meli za chakula. Tabora ya 1981 hiyo ingekuwa sukari ya harusi! Mkate na viazi havikupimwa wakati wote wa vita. Mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano walikuwa na maziwa yao kila siku kwa bei ya chini, na asiye na uwezo alipewa bure. Baadaye yakaongezwa mafuta ya ini la chewa na juisi ya machungwa. Waziri wa chakula, Lord Woolton, alikuwa mtu wa maduka makubwa kabla ya siasa, akajua kwamba foleni inavumilika pale tu mtu wa mwisho anapojua chake kipo.

(Kabla ya hapo wanasayansi wawili wa Cambridge, McCance na Widdowson, walijijaribia wenyewe mlo duni waliodhani vita ingewaletea: mkate, viazi na kabichi kwa wingi. Wakaenda kupanda milima majira ya baridi, nguvu zikawatosha. Tatizo lililobaki ni gesi tumboni. Hiyo video siioni.)

Walanguzi walikuwepo London pia, na tajiri alikula hotelini bila kukata kuponi. Lakini mwaka 1942 serikali ikaweka kikomo cha shilingi tano kwa mlo wa hotelini. Sisi tulikuwa na mjomba wa mtu anayefanya kazi RTC, kampuni ya biashara ya mkoa. Ukiwa naye, sukari inakuja usiku kwa mlango wa nyuma. Ukiwa huna, unaambiwa zimeisha wakati gunia unaliona. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Sokoine alipowashukia wahujumu uchumi, wenye bidhaa waliogopa wakatupa mali porini usiku. Sabuni ile ilikuwepo nchini muda wote, na mama yangu anajikuna.

Kwa hiyo usiniambie kukosa ndiko kulikowapa watu afya. Waingereza wale walipunguziwa sukari na wakaongezewa maziwa, kwa daftari, mtoto wa mvuvi kama wa mwanasheria. Sisi tulipunguziwa tu.

Kutembea kwa miguu ni kuzuri, sawa. Kushona upya nguo iliyochanika, sawa, nami nashona.

Ila kamwambie mama wa Goma, mashariki mwa Kongo, kwamba vita ni dayati. Januari 2025 mji ulipotekwa, maji na umeme vilikatika, watu wakashika madumu kwenda kuchota Ziwa Kivu huku kila mtu akijua kipindupindu kinasubiri nini. Walitembea sana siku zile.

Mapema 2024 sukari ilipopotea madukani kwetu na bei ikapaa, nilisikia maelezo ya mvua, ya viwanda na ya meli zinazokuja. Sikusikia hata kiongozi mmoja akisema kwamba kitakachopatikana, cha kwanza kiende kliniki ya wajawazito, na bei yake ni hii. Anayejua orodha hiyo inatunzwa ofisi gani aniandikie hapa chini.