Bao, ukili na somo la kompyuta

Jioni, Ngamiani, Tanga, wazee wameinamia bao barazani. Mmoja anachota kete, anazigawa mojamoja, shimo kwa shimo. Ya mwisho ikiangukia penye kete, anazichota zote na kuendelea. Ikiangukia shimo tupu, amelala, zamu ni ya mwenzake. Mtoto anayetazama hajui kwamba waandishi wa programu wana jina la mambo hayo: kitanzi. Rudia kazi mpaka sharti litimie.

Wanaotaka somo la kompyuta liguse utamaduni wa mtoto huanzia hapo, nami naungana nao. Mtafiti Mmarekani Ron Eglash alifundishia kwa misuko ya nywele, ile tunayoiita twende kilioni: kila pindo ni nakala ya lililotangulia, limepunguzwa, likazungushwa, likasogezwa kidogo. Mtoto akitoa amri hizo, msuko unajichora kwenye skrini. Hapo utamaduni ndio hesabu yenyewe. Kubadilisha tufaha kuwa embe katika hesabu za kitabuni hakufiki huko.

Wanaopinga nao wana neno zito. Sekondari mtihani ni wa Kiingereza, na amri za lugha nyingi za kompyuta ni za Kiingereza. Tukimweka mtoto barazani, wenzake watamwacha. Hofu hiyo naielewa. Ila anayeanzia barazani hajafungwa hapo. Scratch, lugha ya kompyuta ya watoto iliyotoka mwaka 2007, inatumika pia kwa Kiswahili: mtoto aelewe "rudia" kwanza, kisha akutane na neno la kigeni akiwa ameshaijua kazi yake.

Kinachonisumbua zaidi ni hiki: utamaduni wa nani? Bao la barazani ni la wanaume. Binti hupita tu na ndoo yake. Na Tanga kuna Wadigo, Wabondei, Wasambaa, Wazigua, na wajukuu wa waliotoka mbali kuja kukata mkonge. Mwalimu akisema "hawa watu wa pwani, wapeni bao," amewatoa wengi darasani kwa nia njema kabisa.

Awaulize watoto wenyewe. Atampata anayesuka ukili, ule utepe wa miyaa, majani ya kutengenezea mikeka, na bibi yake: juu ya miyaa miwili, chini ya miwili. Akikosea mmoja, ua linapinda, naye anafumua kurudi nyuma hadi pale kosa lilipoanzia. Kusaka kosa kwenye programu ni kazi hiyohiyo. Kuuliza kunakula muda, na darasa limejaa, najua. Muda huo uliwe.