Soko la Krismasi Japani: Fuata Ratiba ya Jukwaa, Si Taa

Watu wengi wanaokwenda kwenye masoko ya Krismasi ya Japani hupanga safari yao kwa kufuata taa. Wanafika Jumamosi saa moja usiku, wanapanga foleni ndefu ya soseji, wanapiga picha ya mti mkubwa, na muziki wanausikia kwa mbali tu juu ya vichwa vya watu. Naona wanakosa kitu bora kuliko vyote. Taa zipo kila usiku hadi soko lifungwe. Bendi ya matarumbeta ya shule au kwaya ya kengele za mkono inapanda jukwaani mara moja, kwa dakika 20 au 30, kisha imeondoka.

Masoko haya yana mizizi ya Kijerumani kwelikweli. Lile la Sapporo, katika bustani ya Odori, lilianza 2002 kuadhimisha miaka 30 ya urafiki kati ya mji huo na Munich wa Ujerumani. Urafiki huo ulianza 1972, mwaka ambao Sapporo iliandaa Olimpiki ya majira ya baridi na Munich ile ya kiangazi. La Tokyo lilianza 2015 kwenye bustani ya Hibiya, na baadaye likahamia eneo la Jingu Gaien. Fukuoka kuna vibanda mbele ya stesheni ya Hakata na mtaa wa Tenjin, na jukwaa la Hakata ndilo ningempeleka mgeni kwanza, kwa sababu muziki ni wa bure na unashuka tu kwenye treni ukaukuta. Masoko makubwa ya Tokyo na Yokohama yameanza kutoza kiingilio, angalau kwa baadhi ya siku na saa, kwa hiyo soma tovuti ya soko lenyewe kabla ya kutoka nyumbani.

Ratiba ya jukwaa mara nyingi hutolewa kama picha yenye maandishi ya Kijapani, ambayo huwezi kuyanakili. Elekeza kamera ya programu ya tafsiri kwenye picha hiyo. Saa zimeandikwa kwa mfumo wa saa 24, hivyo 16:00 ni saa kumi jioni yetu. Ukiona 雨天中止, maana yake mvua ikinyesha onyesho halipo, na hapo huna sababu ya kupanda treni ya saa nzima kwenda kubahatisha.

Siku ya kwenda ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Krismasi si sikukuu ya kitaifa Japani; tarehe 25 watu wako kazini. Hadi 2018 tarehe 23 Desemba ilikuwa mapumziko kwa ajili ya siku ya kuzaliwa ya Mfalme Akihito, lakini sasa mapumziko hayo yamehamia Februari. Kwa hiyo umati wote unajazana wikendi na jioni ya tarehe 24, ambayo kwa Wajapani ni usiku wa wapenzi. Vikundi vya shule hupatikana zaidi Jumamosi na Jumapili mchana, kwa kuwa siku nyingine wanafunzi wako darasani. Waimbaji na bendi ndogo za jazi wanafaa kusikilizwa siku za kazi, kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni. Jua la Desemba linazama Tokyo karibu 16:30 na Sapporo karibu 16:00, kwa hiyo hata taa hutazikosa.

Sasa baridi, maana hapa ndipo msikilizaji anapowahukumu wanamuziki bila haki. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzijoto 20, lakini mita 331 tu kwenye sifuri. Hewa iliyo ndani ya tarumbeta au saksofoni ikipoa, noti inashuka. Pumzi ya mpigaji huipasha moto kidogo, ila akikaa kimya kusubiri zamu yake, ala inapoa tena. Nyuzi za chuma za gitaa nazo zinajikaza kwa baridi, na sauti yake inapanda. Kinanda cha umeme hakiyumbi popote. Weka vitatu hivyo kwenye jukwaa moja na utaelewa kwa nini wimbo wa kwanza unasikika umepinda, halafu wa tatu ukanyooka. Ukiondoka baada ya ule wa kwanza umewaonea.

Klarineti ya mbao iko hatarini zaidi: ndani inapata joto na unyevu wa pumzi, nje ina baridi kali, na mbao inaweza kupasuka. Ndiyo maana wapigaji wengi wanaopiga nje hutumia klarineti ya plastiki. Si dalili ya bendi maskini.

Fika dakika 15 kabla. Utawakuta wakijaribu sauti, na utapata nafasi nzuri. Kwa bendi yenye spika, simama mita sita hadi kumi kutoka jukwaani, katikati ya spika mbili. Kwa kengele za mkono sogea karibu zaidi, kwa sababu mlio wake mwembamba unamezwa upesi na mazungumzo na mashine za vibanda. Wanaoandaa masoko hukosea sana hapa: wanaelekeza jukwaa kwenye foleni ya chakula, kisha wanaacha nyimbo za kanda zikiendelea upande wa pili. Kuzima spika hizo kwa nusu saa hakugharimu chochote, na kikundi kilichofanya mazoezi miezi kadhaa kinastahili heshima hiyo.

Aliyezoea taarabu asipande kumtunza mwimbaji noti mkononi. Jukwaa la Japani halifikiwi, na ukisogea mlinzi atakurudisha kwa adabu. Watu husikiliza kimya, hupiga makofi ya kufuata mdundo pale mwimbaji anapoanzisha, na hupiga ya nguvu mwishoni. Ukiona 撮影禁止, yaani kupiga picha ni marufuku, weka simu mfukoni. Video ni marufuku pia, na kwa vikundi vya watoto wanakazia zaidi. Mvua nyepesi ikianza, vaa koti la mvua la dukani badala ya kufungua mwavuli, na usimbebe mtoto mabegani, kwani wa nyuma yako hatakuambia kitu ila haoni.

Kula kwanza. Mvinyo wa moto wenye mdalasini na karafuu unapoa haraka nje, na mwenye kikombe mkononi hawezi kupiga makofi. Walio chini ya miaka 20 hawaruhusiwi kilevi. Aliyekuja kwa baiskeli naye asiguse, kwa sababu tangu 1 Novemba 2024 kuendesha baiskeli ukiwa na miligramu 0.15 za alkoholi kwa lita ya pumzi ni kosa la jinai, hadi miaka mitatu jela au faini ya yeni 500,000.

Miguu huumia kabla ya mikono, maana unasimama bila kutembea. Vaa soksi nzito, na nunua kairo, vile vifuko vya unga wa chuma vinavyojipasha moto. Kibandike juu ya fulana, kiunoni, kamwe si kwenye ngozi, kwani kinafika wastani wa nyuzijoto 50 na ushei na huunguza polepole bila wewe kuhisi.

Wengi wa wanaopiga hapo hawalipwi kingi. Kama baada ya onyesho wamepanga CD mezani, nunua, na uwe na noti za yeni 1,000. Kibanda cha jirani kinaweza kupokea kadi, lakini meza ya wanamuziki mara nyingi ina kopo la fedha taslimu tu.