Ndugu Nahodha, Unawahi Wapi?

Kikomo cha mwendo katika mifereji ya Uingereza ni maili 4 kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka kwenda kununua mkate, na bado kuna watu wanaotaka kutuonyesha mbio. Jana asubuhi, mashua yangu ikiwa imefungwa kandokando ya mfereji wa Kennet and Avon nami nikimimina chai, alipita mmoja wao akinguruma kana kwamba anafukuzwa na papa. Maji aliyoyasukuma yaliivuta mashua yangu ikagonga ukingo, kigingi cha mbele kiking'oka udongoni kama muhogo, na chai yote ikaishia kwenye soksi zangu. Naye? Akanipungia mkono, tena kwa bashasha! Hivi, mheshimiwa, unawahi wapi, ilhali huko mbele, kwenye mji wa Devizes, zinakusubiri ngazi 29 za malango ya maji, yale ya kupandishia na kushushia mashua, yanayofunguliwa kwa mikono? Wenzangu mnaolala majini, nani kati yenu hajawahi kutoka nje na nguo za kulalia, nyundo mkononi, kugongomea kigingi kilekile kwa mara ya tatu kabla ya kifungua kinywa? Mchana nilimkuta langoni, wa tano kwenye foleni, akilalamika kwamba walio mbele yake ni wazembe.